Mkulima Huyu ni wa Nani? Sala na Siasa katika Uchoraji wa Ufaransa wa Karne ya 19

Tarehe 1 Julai 1889, mjini Paris, picha moja ya rangi za mafuta isiyofika hata sentimeta 70 kwa upana ilinadiwa hadi faranga 553,000. Ndani yake wamo mwanamume na mwanamke, shambani, jua linazama. Wamesimama, vichwa vimeinama. Mwanamume kavua kofia na kuishika mbele yake, mwanamke kakutanisha mikono kifuani. Katikati yao kuna kikapu cha viazi, uma wa kuchimbia umechomekwa ardhini, na nyuma ya mwanamke kuna toroli lenye magunia. Mbali sana, pale mbingu inapokutana na nchi, unaonekana mnara wa kanisa. Picha yenyewe ni L'Angélus ya Jean-François Millet: kengele ya jioni imelia, nao wameacha kazi wasali Malaika wa Bwana, sala ya Kikatoliki ambayo kwa Kifaransa huitwa Angélus.

Aliyekuwa akipandisha bei kwa niaba ya Ufaransa ni Antonin Proust, mwanasiasa wa upande wa Jamhuri aliyewahi kuwa waziri wa sanaa. Alitaka picha iingie Louvre, jumba la makumbusho la taifa. Walioshindana naye walikuwa wafanyabiashara wa sanaa kutoka Marekani. Proust alishinda mnada, lakini Bunge halikutoa fedha, na picha ikapanda meli kwenda New York.

Bei ilishangaza dunia, lakini kuna la kushangaza zaidi. Jamhuri hiyohiyo ilikuwa katika vita vya wazi na Kanisa Katoliki. Mwaka 1882 iliondoa mafundisho ya dini katika shule za serikali, na mwaka 1886 ikapitisha sheria ya kuwatoa watawa katika ualimu wa shule hizo. Sasa watu wa serikali ya namna hiyo wanahangaikia picha ya sala! Na tukirudi nyuma miaka thelathini na kidogo, mchoraji huyohuyo alipoonyesha wakulima ambao hawasali, magazeti ya Paris yalimshuku kuwa mchochezi.

Fundo hili halifunguki kwa kuitazama picha peke yake. Inabidi kuanzia kwenye sanduku la kura.

Jumapili ya Pasaka, 1848

Hadi Februari 1848 Ufaransa ilikuwa na mfalme, na wenye haki ya kupiga kura walikuwa matajiri wapatao 250,000 tu. Mapinduzi ya mwezi ule yalimng'oa mfalme na kumpa kura kila mwanamume mtu mzima. Wapiga kura wakawa kama milioni tisa kwa mkupuo mmoja. Kwa kuwa Wafaransa watatu kati ya wanne waliishi vijijini, mvaa viatu vya mbao ambaye Paris ilizoea kumcheka kwenye michezo ya kuigiza akageuka kuwa ndiye mwenye kuamua nani atawale Paris.

Uchaguzi wa kwanza uliangukia tarehe 23 Aprili, Jumapili ya Pasaka. Katika rasi ya Cotentin, huko Normandy, mwenye ardhi na mwanasiasa Alexis de Tocqueville alikutana na wanaume wote wa kijiji chake mbele ya kanisa, kisha wakaenda kwa miguu, wawili wawili kwa mstari, hadi mji mdogo wa Saint-Pierre walikopigia kura. Njiani walisimama akawahutubia. Kwa maelezo yake mwenyewe, ana sababu ya kuamini kuwa karibu kura zote zilimwangukia mtu mmoja, na mtu huyo ni yeye. Kanisa, bwana mwenye shamba na sanduku la kura vilikutana katika asubuhi moja. Ni vizuri kukumbuka kuwa Millet naye ni mtoto wa rasi hiyohiyo, alizaliwa mwaka 1814 katika kitongoji cha Gruchy, upande wa pili wa mji wa Cherbourg.

Desemba mwaka huo wakulima walimpa Louis-Napoléon Bonaparte urais kwa kura kama milioni 5.4, kwa sehemu kubwa kwa sababu ya jina la ami yake. Wanajamhuri wa mijini walihisi wamesalitiwa. Karl Marx, kwa dharau isiyofichika, aliwafananisha wakulima wa Ufaransa na viazi ndani ya gunia, vimewekwa pamoja lakini havina umoja. Hata hivyo, Bonaparte alipoipindua Jamhuri yake mwenyewe Desemba 1851, waliosimama kumpinga kwa silaha hawakuwa wa Paris tu. Maelfu kwa maelfu walitoka vijijini, hasa kusini na kusini-mashariki. Basi mkulima alikuwa yupi? Ukuta wa kulinda mali na dini, au moto unaofuata? Hakuna aliyekuwa na hakika.

Kati ya mkulima na jibu hilo walisimama watu wawili, padri na mwalimu. Tangu mkataba wa Napoleon I na Papa wa mwaka 1801, padri alilipwa mshahara na serikali, kwa hiyo ibada ya kijijini ilikuwa pia sherehe yenye mkono wa dola. Mwalimu, kwa upande wake, alishukiwa kueneza fikra za Jamhuri, na ndiyo maana sheria ya Falloux ya mwaka 1850 iliongeza nguvu za mapadri juu ya shule. Watu wa mjini waliobishana hivyo magazetini ndio haohao waliojaa kwenye Salon, maonyesho rasmi ya uchoraji ya Paris, wakiwa na kofia zao ndefu. Walipofika mbele ya picha ya mkulima, waliangalia magoti yake na mikono yake. Je, kapiga magoti? Na mkononi kashika nini?

Mazishi yasiyo na mbingu

Picha kubwa ya kwanza iliyokataa kutoa jibu la maswali hayo ni Mazishi ya Ornans ya Gustave Courbet, iliyoonyeshwa katika Salon ya 1850 na 1851. Kubwa kwa maana halisi: urefu wake unapita mita sita na nusu na kimo mita tatu, ukubwa uliokuwa ukitengwa kwa ajili ya vita vya wafalme na miujiza ya watakatifu. Courbet aliujaza kwa watu zaidi ya arobaini wa mji wake wa nyumbani, Ornans, katika mkoa wa Franche-Comté, kila mmoja kwa kimo chake cha kawaida, wakiwa makaburini.

Yote yanayotakiwa na Kanisa yamo. Kuna padri na kitabu chake, watumishi wa altare, maji ya baraka, wabeba jeneza, na msalaba mrefu ambao ndio kitu pekee kinachovuka mstari wa vilima na kugusa anga. Kuna wasimamizi wa ibada wawili waliovaa mavazi mekundu, na pua zao pia zimekuwa nyekundu, wala si kwa baridi peke yake, mtu angesema. Lakini tafuta mbingu huioni. Katika picha za kale za mazishi ya Kikristo, juu ya maiti hufunguka mawingu, malaika hushuka, roho hupokelewa. Hapa anga ni kijivu tupu, na shimo la kaburi liko chini kabisa, limekatwa na ukingo wa picha kana kwamba anayetazama ndiye anayefuata. Waombolezaji hawatazami mahali pamoja. Mmoja analia, mwingine anawaza mambo yake, na mbwa kageuza kichwa pembeni.

Karibu na shimo wamesimama wazee wawili waliovaa kama ilivyovaliwa miaka ya 1790, suruali za kuishia magotini na soksi ndefu. Ni wakongwe wa Mapinduzi ya kwanza, yale yaliyomwua mfalme na kufunga makanisa. Courbet kawaweka upande mmoja wa kaburi na padri upande mwingine, bila kusema nani yuko nyumbani zaidi. Kwa maoni yangu ukimya huo ndio ulioudhi. Kama angewadhihaki mapadri waziwazi, wahafidhina wangejua la kusema. Kama angewatukuza, wanajamhuri wangejua la kusema. Yeye aliichora dini ya mji mdogo kama jambo ambalo watu hufanya, kwa mavazi yake rasmi na uchovu wake, lenye uzito wa desturi na lisilo na nuru yoyote kutoka juu. Isitoshe, waombolezaji wake wengi si mafukara wa kuhurumiwa. Wamo meya, wanasheria, wenye mashamba na wake zao waliovaa vizuri. Mkulima aliyepanda cheo akawa mtu wa heshima zake alikuwa habari isiyofurahisha kwa wengi wa Paris, ambao babu zao walitoka vijijini vivyo hivyo.

Baadaye Courbet aliacha ukimya. Mwaka 1863 alichora mapadri walevi wakirudi kutoka mkutanoni, mmoja juu ya punda anayeelemewa, mkulima kando ya njia akiwacheka. Picha hiyo ilikataliwa hata katika maonyesho maalumu ya picha zilizokataliwa, na mwishowe ilinunuliwa na mtu aliyetaka kuiharibu, akaiharibu kweli. Ni picha ya kelele, na naona haina nusu ya nguvu ya ile ya mazishi.

Mashamba mawili ya ngano, mwaka 1857

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Salon ya mwaka 1857. Bonaparte sasa ni Mfalme Mkuu Napoleon III, vyombo vya habari vimebanwa, na utawala unaegemea nguzo mbili, Kanisa na kura za vijijini. Katika maonyesho hayo zilikuwamo picha mbili zenye mavuno, masuke na wanawake maskini.

Ya kwanza ni Kubariki Ngano katika Artois, ya Jules Breton. Maandamano ya Ekaristi yanapita katikati ya shamba lililoiva. Padri kabeba monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, chini ya kitambaa kilichoinuliwa kwa nguzo, wasichana wamevaa nguo nyeupe, wazee wametembea kwa taratibu, na pembeni wanakijiji wamepiga magoti vumbini. Jua linapiga juu ya yote. Breton alizaliwa Courrières, kaskazini, na baba yake alikuwa meya na msimamizi wa mashamba ya mkabaila. Mwaka 1848 kijana huyo alikuwa ameguswa na Mapinduzi na kuchora picha za njaa na ukata. Miaka tisa baadaye kageukia amani. Hapa kila mtu yuko mahali pake, Mungu juu, padri katikati, magoti chini. Picha ilipewa medali na kununuliwa na serikali.

Ya pili ni Waokota Masazo ya Millet. Wanawake watatu wameinama kwenye shamba lililokwisha kuvunwa, wanaokota suke mojamoja lililoachwa. Mgongo wa mmoja umekunjika kabisa, wa pili anafikia chini, wa tatu anajinyoosha kidogo, na inaonekana kila mmoja atapita katika hali hizo tatu hadi giza liingie. Nyuma yao, katika mwanga wa dhahabu, kuna matita makubwa ya ngano, mkokoteni uliojaa, kundi la wavunaji, na mtu mmoja juu ya farasi, msimamizi.

Msomaji wa Biblia anawajua wanawake hawa. Kitabu cha Mambo ya Walawi kinamwamuru mwenye shamba asivune hadi pembeni wala asiokote masazo, bali awaachie maskini na mgeni, na Ruthu alimpata Boazi kwa kazi hiihii. Miaka minne kabla, Millet alikuwa ameonyesha picha ya wavunaji wakipumzika ambayo aliianza kama Ruthu na Boazi, akaipa jina la kawaida tu alipoipeleka Salon. Sheria ya Ufaransa nayo ililinda desturi hiyo tangu amri ya mwaka 1554, kwa masharti kwamba iwe mchana, na baada ya mavuno kutolewa. Ila karne ya 19 wenye mashamba makubwa waliona ni usumbufu na walitaka ibanwe. Hivyo wanawake watatu wanaookota masuke walikuwa Biblia na kesi ya ardhi kwa wakati mmoja.

Wahakiki wengine waliona ile kesi tu. Mmoja aliwaita miungu watatu wa ufukara. Mwingine, katika gazeti la Figaro, aliandika kwamba nyuma ya wanawake hao aliona mikuki ya ghasia za umma na majukwaa ya kukatia vichwa ya 1793. Kwenye picha yenyewe hakuna mkuki. Hakuna hata uso wa hasira, nyuso karibu hazionekani. Kilichowatisha ni kutokuwapo kwa kitu walichokizoea. Katika shamba la Breton umaskini umepigishwa magoti mbele ya monstransi, kwa hiyo una maelezo. Kwa Millet wanawake wameinama vilevile, tena zaidi, lakini hawamwinamii yeyote. Wameinamia suke la ngano. Mtazamaji anabaki peke yake na swali kwa nini matita yako kule na wao wako huku.

Breton naye alirudi na waokota masazo mwaka 1859. Waokotaji wa kwake wanatembea wima kama malkia, jua limetua, mlinzi wa mashamba anawaita waondoke, na masuke waliyobeba yanatosha kupamba altare. Malkia Eugénie aliipenda, na mfalme akainunua. Nisiwe mkali mno kwa Breton. Alizijua nyuso alizozichora na alijua mwanga kuliko wengi. Ila si ajabu kuwa picha hiyo ilipata nafasi ikulu.

Kengele ya Millet

Katika miaka hiyohiyo, kati ya 1857 na 1859, Millet alikuwa akiishughulikia L'Angélus. Iliagizwa na Mmarekani wa Boston, Thomas Gold Appleton, ambaye hakuja kuichukua, na mwaka 1860 iliuzwa kwa faranga kama 1,000. Kisha ikapita mikononi mwa wanunuzi kadhaa, wakiwamo Wabelgiji.

Mwaka 1865 Millet alieleza wazo lilikotoka. Alimkumbuka bibi yake, ambaye kengele ikilia wakiwa shambani hakukosa kuwasimamisha ili wasali Malaika wa Bwana kwa ajili ya maskini waliofariki. Bibi huyo, Louise Jumelin, ndiye aliyemlea katika dini, na ami wa baba yake alikuwa padri aliyeshika pia plau. Mapadri wa parokia walimfundisha kijana Kilatini. Biblia aliisoma maisha yake yote, na haikosi kuonekana katika kazi zake. Yule Mpanzi wake wa 1850, anayeteremka mteremko gizani kwa hatua ndefu, ametoka moja kwa moja katika mfano wa Yesu, ingawa wapo waliomwona kama mtu anayetupa mbegu kwa ghadhabu usoni pa matajiri.

Lakini Millet mtu mzima hakuwa mtu wa kanisani. Aliishi na Catherine Lemaire kwa miaka mingi, wakafunga ndoa ya serikali mwaka 1853, na ndoa ya kanisani ilikuja tarehe 3 Januari 1875, siku 17 kabla ya kifo chake. Tena kijiji alichohamia mwaka 1849, Barbizon, kilikuwa kwenye tambarare ya karibu na Paris, eneo ambalo watu wake walikuwa miongoni mwa waliolegea sana katika kuhudhuria kanisa. Mnara ule ni wa kanisa la Chailly, jirani na Barbizon. Sala, hata hivyo, ni ya Normandy ya utoto wake. L'Angélus si taarifa ya alichokiona jioni fulani. Ni kumbukumbu aliyoichukua kutoka nchi iliyosali na kuisimika kwenye ardhi iliyokuwa ikiacha kusali.

Na viazi. Ngano ina heshima yake, ndiyo mkate na ndiyo hostia, mkate wa Ekaristi, na Breton aliitumia kwa ukamilifu. Kiazi ni chakula cha fukara, hukuzwa pembeni, na wengi wa wakati ule waliona kinafaa mifugo. Kuweka kikapu cha viazi mahali ambapo picha za kanisani zingemweka Mtoto Yesu ni uamuzi mzito, na nadhani Millet alijua alichokuwa akifanya. Hakuna padri katika picha hii, wala maandamano, wala meya. Kanisa ni mnara wa kidole kimoja kwenye ukungu. Wawili hawa wanasali bila mtu wa kuwasimamia.

Muongo uliofuata, wakati picha ikizunguka kwa wanunuzi, mapadri Wafaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamefika Zanzibar, na mwaka 1868 wakaanzisha misheni ya Bagamoyo. Mkatoliki wa Afrika Mashariki anayesimama saa sita mchana kusali Malaika wa Bwana haitaji kuelezwa watu hawa wanasema nini. Huenda anachohitaji kuelezwa ni kwa nini ilikuwa tatizo.

Jamhuri yatafuta mkulima wake

Mwaka 1870 na 1871 Ufaransa ilishindwa vita na Prussia, ikapoteza Alsace na sehemu ya Lorraine, na Paris ikaasi kwa serikali yake yenyewe iliyoitwa Komuni, ikazimwa kwa damu. Courbet, aliyeshiriki Komuni, alifungwa na kufa uhamishoni Uswisi mwaka 1877. Bunge lililochaguliwa mwaka 1871, kwa kura za vijijini, lilijaa watu waliotaka mfalme arudi. Wanajamhuri walijifunza somo kwamba bila mkulima hakuna Jamhuri. Kiongozi wao Léon Gambetta na wenzake walitumia miaka ya 1870 kumbembeleza, wakafaulu. Serikali yake fupi ya mwaka 1881 ndiyo iliyompa mkulima wizara yake mwenyewe ya kilimo. Mwaka 1882 serikali ilinunua picha ya Léon Lhermitte ya wavunaji wakilipwa ujira, picha kubwa yenye watu wachovu na fedha mkononi, haina sala hata moja.

Sasa sura ya mkulima ilibadilika. Hakuwa tena tishio, alikuwa ndiye taifa lenyewe, mtu wa udongo ambao Mjerumani hawezi kuubeba wote. Mwaka 1881 kilitoka kitabu cha maisha ya Millet kilichoanzwa na rafiki yake Alfred Sensier, na Ufaransa ikampokea mchoraji mcha Mungu, maskini, mvumilivu. Ukali wa Waokota Masazo ulisahaulika taratibu. L'Angélus ikaonekana kama ndiyo iliyokuwa sauti yake ya kweli muda wote.

Ndipo inapoeleweka kwa nini mpinzani wa mapadri angeweza kuitaka. Katika picha hiyo dini imebaki kama tabia njema: kazi, ndoa, unyenyekevu, ardhi. Padri hayumo, kwa hiyo hakuna wa kupigana naye. Mkatoliki aliona Ufaransa yenye imani, ile aliyotaka irudi, na mwanajamhuri aliona raia wema ambao sasa walimpigia kura yeye. Tajiri wa maduka makubwa Alfred Chauchard aliirudisha kutoka Marekani mwaka 1890 kwa zaidi ya faranga 700,000, na kwa wasia wake ikaingia mikononi mwa taifa mwaka 1909.

Ugomvi wa urithi wa namna hiyo ulionekana wazi zaidi kwa Joan wa Arc, msichana wa karne ya 15 aliyeongoza majeshi ya Ufaransa dhidi ya Waingereza. Jules Bastien-Lepage, mtoto wa Lorraine, alimchora mwaka 1879 si juu ya farasi bali kama msichana wa kijijini katika bustani ya baba yake, kiti cha kusokotea kimeanguka nyuma yake, macho yake yakitazama hewani. Nyuma ya mgongo wake, wakiwa hafifu kama moshi, wanaelea watakatifu wanaomwita. Walioipenda kwa uhalisia wake waliwalalamikia watakatifu. Kwa nini kuchora sauti? Wanajamhuri walimtaka Joan binti wa wananchi, aliyetelekezwa na mfalme na kuchomwa moto na mahakama ya maaskofu. Wakatoliki walimtaka Joan wa maono, na Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 1920. Bastien-Lepage aliwapa wote wawili nusu nusu, na kila upande ulilalamika juu ya nusu isiyo yake.

Wakati huohuo wachoraji walimiminika Brittany, magharibi, ambako watu bado walihiji kwa mavazi ya kale na vitambaa vyeupe vya kichwani. Reli ilikuwa imefika. Pascal Dagnan-Bouveret alichora hija ya mwaka 1886 kwa msaada wa kamera, kwa usahihi wa kila mshono na kila mshumaa. Ni kazi ya kustaajabisha, na ndani yake ibada imeanza kuwa kitu cha kutembelea. Paul Gauguin alikwenda mbali zaidi mwaka 1888 huko Pont-Aven. Alichora wanawake wa Kibretoni wakiona kwa macho ya moyo, baada ya mahubiri, Yakobo akipigana mweleka na malaika juu ya uwanja mwekundu. Akaipeleka kama zawadi kwa kanisa la Nizon, jirani. Padri aliikataa. Gauguin alidhani ameichora imani ya watu wale. Padri wao hakuona hivyo, na wanawake wenyewe hakuna aliyewauliza.

Bila sala, ng'ambo ya bahari

Millet alikuwa na picha moja ambayo haikuweza kulainishwa. Ni Mtu Mwenye Jembe, iliyoonyeshwa mwaka 1863. Mwanamume kaegemea mpini wa jembe kwenye ardhi ya mawe na magugu, mdomo wazi, kachoka hadi macho hayaoni. Mhakiki mmoja alimlinganisha na Dumollard, muuaji wa wasichana watumishi aliyekuwa amekatwa kichwa kwa gilotini mwaka uliotangulia. Millet alijibu katika barua kwamba anachokiona ni mtu aliyeamriwa kula mkate kwa jasho la uso wake, yaani adhabu ya Adamu, Mwanzo sura ya tatu. Alimaanisha Biblia. Hakuna aliyemsikia, kwa sababu mtu huyo hainamishi kichwa kwa ajili ya kengele yoyote.

L'Angélus ilipotembezwa Marekani mwaka 1889 na 1890, umati uliiendea kama unavyoiendea masalia ya mtakatifu, Waprotestanti kwa Wakatoliki, na nakala zake zikaenea majumbani. Muda mfupi baadaye Mtu Mwenye Jembe naye alivuka bahari, akanunuliwa na familia ya Crocker ya San Francisco, waliotajirika kwa reli. Picha ilipoonyeshwa huko, mwalimu mmoja wa California, Edwin Markham, aliitungia shairi lililochapishwa gazetini Januari 1899, akiwauliza mabwana na watawala wa dunia watajibu nini siku kiumbe huyu atakapoinuka. Shairi lilichapishwa upya katika magazeti mengi ya nchi, wahubiri wakalitaja mimbarani, wenye viwanda wakalikasirikia, na zawadi ya fedha ikatangazwa kwa mshairi atakayeweza kulijibu.